Zaidi ya nusu ya siku

Kuna mama mmoja wa Mbagala, muuza mihogo ya kukaanga, ndo alinivurugia karibu kila kitu nilichodhani nakijua kuhusu utafiti. Nilikuwa nimekaa naye kwenye kibenchi pembeni ya karai, tableti mapajani (neno kishikwambi lilikuwa bado halijashika kasi, hilo limekuja kuvuma na sensa ya 2022), namsomea dodoso la sonona kama nilivyowasomea wengine wote: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Akageuza mihogo, akafikiri kidogo, akasema zaidi ya nusu ya siku. Nikabonyeza 2. Swali la pili, hivohivo. La tatu, hivohivo. Tulipofika la nne akaongezea mwenyewe bila kuulizwa, "maana jana ilinianza asubuhi mpaka saa tisa ndo ikaniachia, sasa hiyo si zaidi ya nusu ya siku mwanangu?"

Nikamuuliza, jana tu mama?

"Jana, na juzi kidogo. Siku zingine niko salama, namshukuru Mungu."

Wiki mbili ni siku 14. Kwenye karatasi, zaidi ya nusu ya siku hizo maana yake siku nane na kuendelea, unapewa alama 2. Yeye alisumbuka siku mbili, alitakiwa apate 1. Ila alichokisikia ni nusu siku, kutwa, ule muda wa kazi, na kwa Kiswahili hajakosea hata chembe, we lisome hilo jibu kwa sauti haraka haraka uone kale ka "hizo" kanavyopotea. Mi nilikuwa nakameza kabisa. Na huyu hakuwa mtu wa kwanza, nilikuwa nimeshahoji zaidi ya mia, kwa hiyo wote waliotangulia wakanijibu zaidi ya nusu ya siku nikabonyeza 2 nikasonga mbele, nani alikuwa anasema siku nane na nani alikuwa anasema jana mchana, hakuna tena wa kunijibu.

Dodoso lenyewe ni lile la PHQ-9, walioko kwenye afya ya akili wanalijua, lilitoka 2001 kwa kina Kroenke, Spitzer na Williams wa Marekani, maswali tisa, kila swali sifuri mpaka tatu, jumla haizidi 27, na mara nyingi ukifika 10 unahesabika kwamba una dalili za sonona za kufanyiwa kazi. Sasa piga hesabu. Mtu anayestahili 1 akipewa 2 kwenye maswali matano sita, kavuka mstari tayari. Kaingia kwenye asilimia ya wagonjwa kwa sababu ya neno moja lililomezwa na binti mwenye haraka ya kuwahi daladala.

Na hilo dodoso wala halikuletwa kienyeji. Lilitafsiriwa kuja Kiswahili, mtu mwingine ambaye hajaona lile la kwanza akalirudisha Kiingereza, wakalinganisha, ile njia ambayo Richard Brislin aliiandikia mwaka 1970 na watafiti wengi wanaifuata hadi leo. Likarudi safi. Lazima lirudi safi, maana aliyelirudisha alikuwa amekaa mezani analisoma, ka "hizo" anakaona kwa macho, hakuna moshi wa mafuta wala konda anayepiga kelele Rangi Tatu Rangi Tatu. Kulipitisha kwenye masikio ya mtu wa Mbagala hakuna aliyekumbuka, na mimi niliyekuwa naishi Mbagala nilikaa kwenye mafunzo siku tatu nikala chakula cha semina nikaitikia kila kitu.

Jioni nikampigia msimamizi. Akaniambia dada usijichanganye, dodoso limeshapimwa, namba zetu za mwanzo zinapendeza. Na kweli zilikuwa zinapendeza. Mtu wa takwimu alikuwa ameshakokotoa alfa, ile namba ya kupima maswali ya dodoso yanavyokwenda pamoja, ya Cronbach ya 1951, ikaja juu ya 0.8, na kwenye vitabu tulivyosomea chuo ukivuka 0.7 unapumua. Kwenye grupu la WhatsApp wakatuma vimoto na vikofi.

Nililala vibaya siku ile. Chuo nilifundishwa rilayabiliti na validiti, wengine wanaziita uthabiti na uhalali, nikazikariri kwa ajili ya mtihani: cha kwanza ni kipimo kutoa jibu lilelile, cha pili ni kipimo kupima kile kinachodai kupima. Nikaandika hivo, nikapata alama zangu, basi. Hakuna siku nilikaa nikajiuliza inakuwaje kipimo kikawa kizuri sana kwenye la kwanza halafu kibovu kwenye la pili, tena bila mtu yeyote kushtuka.

Usiku ule nikakumbuka kisado. Nimekulia sokoni, mama yangu kauza nyanya miaka mingi, kwa hiyo kisado nakijua vizuri, lile kopo la rangi linalotumika kupimia nyanya na viazi. Kuna wauzaji wanakibonyeza chini, kitako kinaingia ndani, kwa juu hujui kitu. Ukinunua leo, ukinunua kesho, ukimtuma mtoto, akienda jirani, wote mnapata nyanya zilezile idadi ileile. Hakuna kipimo chenye uthabiti kama kisado kilichobonyezwa. Kila siku kinakuibia sawasawa.

Yule mama wa mihogo alisikia "nusu ya siku" kwenye swali la kwanza akasikia hivohivo mpaka la nne, na angeendelea mpaka la tisa kama asingeropoka. Akikosea maswali yote tisa kwa mtindo mmoja, majibu yake yanakubaliana vizuri sana, na alfa kazi yake ni kuangalia maswali yanavyokubaliana. Yanakubaliana kuhusu nini, hiyo haiulizi. Yani kosa letu lenyewe lilikuwa linatusaidia kupandisha namba, na sisi tunapigiana vikofi.

Baada ya pale nikaanza kuangalia kila kitu kwa jicho baya. Salamu kwa mfano. Unafika kwa mtu, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nzuri, watoto, hawajambo, kazi, tunamshukuru Mungu, halafu ndo anakwambia mdogo kalazwa juzi na baba yao hajaonekana wiki. Sisi wote tunajua "nzuri" ya kwanza sio taarifa, ni mlango tu. Sasa dodoso linaanza moja kwa moja kuuliza umesumbuliwa mara ngapi, mtu bado yuko mlangoni, anakujibu hapana kabisa kama anavyojibu salamu, na wewe unabonyeza sifuri. Hapo mavyaa wake yuko chumba cha pili pazia limefunguliwa nusu. Wanawake wengine nilikuwa nikifunga begi ndo wananisindikiza mpaka njiani, na njiani ndo yanatoka yote. Ya njiani hayana pa kujazwa.

Tulikuwa na zoezi la wawili wawili, mimi nahoji, mwenzangu kakaa pembeni na tableti yake anajaza pia, halafu wanalinganisha kwa kitu kinaitwa kapa, cha Jacob Cohen wa 1960, kinakwambia mmekubaliana kiasi gani ukitoa kule kukubaliana kwa kubahatisha tu. Mimi na mwenzangu tulikubaliana karibu kila kitu tukasifiwa. Jamani, mtu kasema "hapana kabisa" kwa sauti, wote tumesikia, tutaachaje kukubaliana? Tulichothibitisha ni kwamba wote masikio yetu yanafanya kazi. Lakini siku tulipobadilishiwa mitaa, yeye mtu mzima, mpole, anajua kukaa na watu, akaanza kurudi na alama za juu kuliko zangu kwenye mtaa nilioanza mimi, na msimamizi akamuuliza yeye kwa nini namba zake ziko juu. Mimi hakuna aliyeniuliza kwa nini za kwangu ziko chini.

Halafu likaja zoezi la kurudia. Watu kadhaa walitakiwa kuhojiwa mara mbili, wiki mbili zikipita, tuone kama majibu yanafanana. Ratiba ilipangwa na mtu aliyekuwa mbali, raundi ya kwanza ikaangukia Shaaban, ya pili katikati ya Ramadhani. Mbagala. Swali la tatu linauliza usingizi, la nne uchovu, la tano hamu ya kula. Watu wanaamka saa tisa usiku kula daku, saa nane mchana mtu kachoka na jua la Dar, unamuuliza je umesumbuliwa na uchovu au kukosa nguvu. Bibi mmoja alinicheka mpaka akakohoa. "We mtoto, nimefunga, unaniuliza hamu ya kula?" Namba zikarudi zimeachana na zile za kwanza, na kwenye kikao mtu wa takwimu akasema hapa uthabiti umetuangusha. Hakuna kilichoangusha pale, kipimo kilikuwa kinaripoti mwandamo wa mwezi, tena kwa uaminifu kabisa. Nilinyoosha mkono nikasema. Mara nyingi mi ni mtu wa kukaa kimya kwenye vikao, lakini siku hiyo nilisema, nikataja na ile nusu ya siku, na msimamizi kwa mara ya kwanza akaandika.

Kuna mwalimu wangu wa zamani nilimtafuta kipindi kile kumlalamikia. Hakunipa pole. Alinisimulia utafiti uliofanyika hapohapo karibu na Bagamoyo, wa kina Robert Sternberg, ulichapishwa 2002, watoto wa shule walipewa mitihani ya kufikiri, kupanga vitu kwa makundi, yale mambo. Kundi moja lilirudia tu, kundi lingine lilifundishwa kwanza kwa muda mfupi sana jinsi ya kufanya maswali ya namna ile. Waliorudia bila kufundishwa, alama zao za kwanza na za pili zilishikana kwa 0.8 hivi (1 ni kushikana kabisa). Uthabiti huo, ungechapisha ukalala usingizi. Waliofundishwa, zikashikana kwa 0.3 tu. Yani mafunzo ya muda mfupi yalitosha kupangua nani wa juu nani wa chini, na maana yake ile 0.8 nzuri, sehemu kubwa ilikuwa inapima nani kazoea maswali ya aina ile na nani hajayazoea. Mwalimu akaniambia, sasa wewe fikiria mtoto aliyeandikwa mzito wa akili kwa karatasi ya kwanza.

Akanipa na lingine la Dar. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walipima dodoso la Hopkins, la dalili za sonona na wasiwasi, lenye maswali 25, kwa wajawazito wanaoishi na VVU, wakalinganisha na mahojiano ya kitaalamu. Kwingine mstari unaotumika ni wastani wa 1.75 kwa swali. Kwa wale kinamama mstari uliofanya kazi ulikuwa 1.06. Kila swali linaanzia 1, yani hapana kabisa, kwa hiyo 1.06 ni mtu ambaye karibu maswali yote kajibu hapana kabisa. Nilivyosikia hiyo namba nikawaona wote palepale, nzuri, hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kumbe unaweza ukakuta mtu anaumwa na dodoso lake karibu jeupe, na ukitumia mstari wa watu wengine unamwacha anaenda.

Neno lenyewe wanalolitumia watu, kwa maana yao, halikuwepo popote kwenye maswali yetu tisa. Mawazo. Muulize mtu yeyote uswahilini, hakwambii nimekosa raha ya kufanya mambo, anakwambia nina mawazo, mawazo yamenizidi, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio. Nilisikia "mawazo" kila nyumba na sikuwa na kitufe chake. Swali pekee lenye neno hilo ni la tisa, na lile ni mawazo ya afadhali ungekufa au ya kujidhuru, kitu kingine kabisa.

La tisa ndo nililokuwa naliogopa kuliandika hapa.

Kuna farasi wa Berlin aliitwa Hans, mwanzoni mwa karne ya 20, mwenyewe ni mzee Wilhelm von Osten. Unamuuliza hesabu, anagonga kwato mpaka jibu. Akiulizwa na watu tofauti, mwenyewe hayupo, bado anapata, kwa hiyo kwa uthabiti huwezi kumshika. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonyesha kwamba aliyeuliza akiwa hajui jibu, Hans naye hajui. Farasi alikuwa anasoma mwili wa muulizaji, akifika kwenye namba mtu anainua kichwa kidogo sana bila kujijua, basi anaacha kugonga. Darasani tulicheka. Mi nimekuja kuisoma tena baada ya fildi na sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshajirekodi. Tulikuwa tunarekodi baadhi ya mahojiano kwa ukaguzi, nikaazima spika za masikioni nikajisikiliza. Maswali manane nasoma kwa sauti ya kawaida. Nikifika la tisa nashusha sauti, naongeza spidi, halafu namaliza na "hapana, eeh?" Kila rekodi. Hiyo "eeh" haipo kwenye dodoso. Nilikuwa naomba jibu. Na watu, kwa adabu, walikuwa wananipa. Wangu wote, nilivyochungulia, wana sifuri kwenye la tisa. Uthabiti asilimia mia.

Sikuwa mkatili, nilikuwa na miaka 24 na naogopa mtu aseme ndiyo. Tulifundishwa cha kufanya akisema ndiyo, kuna namba ya muuguzi, kuna fomu, ila kufundishwa ni kitu kingine na kukaa kwenye chumba cha mtu ni kitu kingine.

Baada ya Idi msimamizi akakubali turudie wachache, sio wote, hela haikuwepo. Tukaongeza vitu viwili. Kwanza maswali ya mazungumzo kabla ya kufungua dodoso, hata dakika kumi, mtu atoke mlangoni. Pili maharage. Hilo ni wazo la mwenzangu yule mpole: unambebea mtu maharage 14 kwenye kifuko, unayapanga mbele yake, hizi ndo siku zetu za wiki mbili, jana, juzi, ile Jumapili, sasa nisogezee siku ulizosumbuliwa. Hakuna nusu wala robo, wewe unahesabu. Kuna watu walikuwa na 2 wakashuka 1, na kuna waliokuwa na sifuri wakasogeza kumi. Tulivyopeleka matokeo kukatokea mabishano marefu kwamba data za mwanzo zitupwe au zibaki, zikabaki, na aya moja ya mapungufu mwishoni ambayo nadhani hakuna anayeisoma.

Nilirudi kwa mama wa mihogo. Nilimchagua mwenyewe, nakiri, sampuli ilitakiwa iwe ya bahati nasibu na mi nikamchomeka. Kumekucha vizuri, wateja bado, tukaongea kuhusu bei ya mafuta, mwanae wa Morogoro, goti lake. Nikapanga maharage kwenye sinia lililogeuzwa. Swali la kwanza akasogeza mawili, sawasawa na alivyoniambia siku ile. La pili matatu. Usingizi akasogeza tisa, akacheka, akarudisha moja. Tukaenda hivo.

La tisa nikalisoma taratibu, lote, nikafunga mdomo. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Mikono nimeikalia ili nisishike tableti.

Akakaa. Akachukua kichuma cha kugeuzia, akakirudisha. Akasogeza maharage matatu, kidole kimoja, moja moja.

Nikamwambia asante mama kwa kuniambia. Nikamuuliza kama siku ile ya kwanza hali ilikuwa hivihivi, akasema ilikuwa mbaya kuliko saa hizi. Nikamuuliza mbona hakusema. Hakunijibu kwa ukali, alijibu kama mtu anaeleza njia.

"Siku ile ulikuwa umeshafunga begi, mwanangu."

Nikampigia muuguzi palepale nikiwa naye, akasema yuko kituo cha afya anakuja na bajaji, nisiondoke. Nikabaki. Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi, akaniambia shusha karai hilo, nikashusha.